Leso ya Mtoto wa Dahabo

Wiki jana wajukuu wangu walikuwa wamekaa barazani kwangu hapa Garissa, wanapanga siku yao ya mwisho kabla ya kurudi Nairobi kwa gari. Mmoja anataka kwenda kuona twiga, mwingine anataka nyama ya ngamia kule sokoni, mdogo wao anasema yeye apewe simu tu, hayo mengine wafanye wenyewe. Mimi nilikuwa jikoni nawakaangia nyirinyiri ya safari. Nyama ilipoanza kulia ndani ya samli na ile harufu yake nzito kupanda, mkono wangu ukasimama. Nikawaambia wakapangie habari zao nyuma ya nyumba. Wakasema nyanya amekasirika. Sikukasirika. Harufu ile na maneno yale, siku ya mwisho tufanye nini, vikikutana mahali pamoja mimi huwa siwezi kukaa hapo.

Nyinyi wa rika langu mnajua likizo ya wakati wetu ilikuwa nini. Ilikuwa ni kurudi kwa watu wa mama yako, unywe maziwa mpaka tumbo likaze, urudi mjini na kupe masikioni. Baba yangu alikuwa mlinzi wa bohari ya serikali hapa Garissa. Alipopewa likizo yake alitupandisha lori, mama, mimi, na mdogo wangu Issa aliyekuwa bado ananyonya, tukaenda Hadado kwa ayeeyo, yaani nyanya yangu, mama yake mama. Njia yenyewe ilikuwa ya kulala njiani. Unapita Modogashe, unapita Habaswein, vumbi unalila pamoja na mate yako.

Mwaka ule mvua ilikuwa imekataa. Ngamia walikuwa wamebaki shingo na magoti. Lakini mwanzo ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Mama alikuwa na mdogo wake pale, Dahabo, ambaye mimi nilimwita habaryar, mama mdogo. Dahabo alikuwa na mimba kubwa, na hao wawili wakikutana ilikuwa ni kucheka tu.

"Umekuwa mtu wa mjini, Shamsa," Dahabo alimwambia mama siku ya kwanza. "Hata kukaa chini unaangalia kwanza kama kuna kiti."

"Na wewe umekuwa pipa," mama akamjibu. "Sijui Bulle anapata wapi pa kulala humo ndani."

Bulle, mume wa Dahabo, alikuwa amesimama hapo hapo na fimbo yake. Akasema yeye siku hizi analala na ngamia, wao hawana maneno.

Basi Dahabo akajifungua, mtoto wa kiume. Tukampenda. Hakukaa. Aliishi siku chache, asubuhi moja wakamkuta amepoa, na kabla jua halijawa kali wanaume walikuwa wameshamzika nje ya boma na kuweka miiba juu ya kaburi fisi wasifukue. Leso aliyokuwa akifungwa, ya rangi ya udongo, ilibaki ikining'inia kwenye fito za nyumba. Dahabo akalala amegeukia mkeka wa ukutani. Ukimpelekea chai inapoa. Usiku na mchana hakusema neno, ila maziwa yalimjaa kifuani mpaka akawa anaguna akigeuka, na mbele ya nguo yake palikuwa pameloa wakati wote.

Muda si muda mama naye akashikwa na homa. Akawa anatetemeka juani, midomo imepasuka. Maziwa yake yakapungua, halafu yakakauka kabisa. Issa alilia mpaka sauti ikamwisha, akabaki anafungua mdomo tu. Ayeeyo alimpa maziwa ya ngamia kwa kuchovya kitambaa, akatapika. Akampa ya mbuzi, akaharisha. Maziwa ya mkebe wakati huo huko Hadado hayakuwepo, labda Wajir, na Wajir penyewe ni mbali. Utosi wake ukabonyea kama kisahani. Mimi nilikuwa naweka kidole hapo kuangalia kama bado panapiga.

Sasa kulikuwa na ngamia mmoja wa Bulle aliyefiwa na ndama. Ngamia akifiwa na ndama hakupi maziwa, hata umkame mpaka kesho. Bulle alikuwa amemchuna yule ndama, akakausha ngozi kwa chumvi. Jioni alikuwa anaileta, anaitandaza kwenye kijiti cha panda, anamwekea mama yake puani. Nilisimama kutazama. Yule ngamia alinusa. Akanusa tena, akaanza kulamba, akatoa sauti ya chini kutoka kifuani, kama mtu anayemwimbia mtu. Halafu maziwa yakashuka. Bulle akawa anakama haraka haraka kwa mikono miwili, amesimama kwa mguu mmoja.

Nikamuuliza, "Anafikiri ni mtoto wake?"

"Anafikiri."

"Hajui amekufa?"

"Pua yake haijui," akasema Bulle. "Kichwa chake, sijui."

"Ngozi mnaitoa kabla hajafa au baada?"

Akacheka. "Wewe mtoto wa mjini. Akiwa hai, ngozi anaitumia mwenyewe."

Mimi sikucheka. Niliyaweka maneno yale moyoni vile nilivyoyasikia: kwamba ukitaka mama aliyefiwa atoe maziwa, lazima kuwe na aliyekufa na lazima kuwe na ngozi.

Siku ya tatu au ya nne baada ya hapo, dereva wa lori, mtu mmoja mnene anaitwa Hirsi, akaja kutuambia kesho kutwa baada ya sala ya alfajiri anaondoka na mbuzi kwenda Garissa. Baba akamuuliza kama kuna lori lingine wiki ijayo. Hirsi akasema, "Wiki ijayo? Na hali hii ya njia na hali hii ya mbuzi? Mimi mwenyewe sijui kama nitarudi." Likizo ya baba ilikuwa imeisha. Asiporudi, kazi anapewa mwingine. Na mama alitakiwa hospitali. Kwa hiyo siku iliyobaki ilikuwa moja, na wakakaa kivulini kuipanga.

Ayeeyo ndiye alikuwa anagawa kazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, sauti yake haipandi wala haishuki. "Kesho asubuhi mbuzi achinjwe. Nyama ikatwe nyembamba ikaangwe, iwatoshe mpaka mfike. Vibuyu vifukizwe. Huyu msichana asukwe nywele, asiingie mjini kama fisi."

Baba akasema, "Mimi nitamsaidia Hirsi kupakia. Amekubali Shamsa akae mbele, yeye na mtoto."

"Mtoto gani?" ayeeyo akauliza.

"Issa."

"Issa hafiki Modogashe."

 Mama alikuwa amelala mlangoni, amefunikwa mablanketi kwenye joto lile. Akasema bila kuinua kichwa, "Mwanangu haachwi."

"Sijasema aachwe," ayeeyo akajibu. "Nimesema hafiki. Hapa kuna mwanamke maziwa yanammwagikia mchangani. Na hapa kuna mtoto anakufa kwa njaa. Kutoka mlango huu mpaka ule ni kutupa jiwe tu. Nyinyi watu mmekosa akili?"

Baba akasema, "Dahabo hata kumtazama hataki. Jana nilimpitisha hapo akafunika uso."

"Dahabo hajui anachotaka. Kesho tutamfunga Issa ile leso ya marehemu. Harufu ya mwanawe bado imo. Akiisikia, maziwa yatashuka, na maziwa yakishuka mkono utafuata. Ngamia wote ni hivyo."

Baba alitazama chini.  Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya ayeeyo, nasikia yote. Sikuelewa leso. Nilielewa ngozi. Nilielewa kwamba Issa sasa ndiye atakuwa yule ndama, na kwamba kabla Dahabo hajatoa maziwa, kuna mtu atapaswa kufa kwanza, na mwenye kisu pale ni Bulle, na kisu chenyewe kesho kitakuwa nje kwa sababu ya mbuzi.

Asubuhi mbuzi akachinjwa kweli. Nilipoona Bulle ananoa, nikakimbia kukaa juu ya miguu ya mama. Nyama ikakatwa, samli ikawekwa motoni, harufu ikajaa boma lote. Nilikuwa na njaa na nilikuwa na kichefuchefu, vyote pamoja. Halafu ayeeyo akaja, akamchukua Issa kwenye blanketi la mama bila kuuliza, akamfunga leso ile ya udongo mpaka shingoni. Akaenda naye kwa Dahabo. Nikamfuata.

Akamlaza kando ya mgongo wa Dahabo.  Nikaona pua yake inacheza. Nikaona mgongo unaanza kutetemeka. Halafu akageuka polepole, akaitazama leso, akamtazama Issa aliye ndani yake, akamtazama mama yake.

"Mimi si ngamia, hooyo," akasema, yaani mama. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mazishi. "Msiniletee ngozi."

"Mnyonyeshe mtoto."

"Mtoto wangu yuko nje chini ya miiba. Huyu mwondoe. Mwondoe kabla sijamwondoa mimi."

Ayeeyo akamwinua Issa, akatoka naye. Hakuonekana kushindwa. Akasema na mimi, au na hewa, "Mchana kifua kitamuuma zaidi. Tutarudi alasiri." Akamrudisha kwa mama, akaifungua ile leso akaikunja na kuiweka juu ya kibuyu, akarudi kwenye nyama yake.

Basi mimi nikaiiba. Niliona alasiri ndiyo itakuwa wakati wenyewe. Nikaiingiza chini ya nguo yangu, nikaenda kuisukuma ndani ya ua wa miiba upande wa mbuzi, mpaka mkono ukachanika hapa na hapa. Alasiri ayeeyo akatafuta. Akapindua vibuyu, akapindua mikeka. Akaona mkono wangu una damu, akajua. Alinipiga kofi moja la maana. Nikaenda kuileta nikilia, na yeye nyuma yangu.

Mama alisikia akaita. Nikaingia na leso. "Uliificha kwa nini?"

"Wasimchune Issa."

"Nani amchune?"

Nikamweleza. Nikamweleza ngamia, na pua, na ndama, na Bulle, na kisu. Nilitegemea aseme mimi mjinga. Alinitazama muda mrefu, macho yake mekundu kwa homa, na mimi sikujua alichokiona. Halafu akasema, "Nishike mkono."

Alikuwa hawezi kusimama sawasawa. Nilibeba Issa kwa mkono mmoja, mama akaniegemea bega upande wa pili, tukavuka ule uwanja. Ayeeyo alitaka kusema kitu, mama akamwambia, "Hooyo, nyamaza leo." Sikuwahi kusikia mtu akimwambia ayeeyo hivyo. Akanyamaza.

Ndani kwa Dahabo mama aliketi chini. Kiti hakutafuta. Akachukua ile leso kwangu, akaikunja vizuri, akaiweka mkononi mwa mdogo wake. "Hii ni ya mwanao. Iweke." Kisha akamvua Issa kila kitu, mpaka hirizi, akamlaza uchi juu ya mkeka kati yao. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika. "Huyu ni Issa. Ni wangu, nimemzaa mimi. Mwanao amekufa, na huyu si yeye. Huyu ana njaa, na mimi sina maziwa."

Dahabo alimtazama. Nje tulikuwa tunasikia baba na Hirsi wakifukuzia mbuzi kwenye lori, Hirsi anawatukana mbuzi mmoja mmoja kwa majina ya jamaa zake.

"Nikimpa titi," Dahabo akasema, "kesho mtampandisha lori?"

"Nikimpandisha lori atakufa."

"Kwa hiyo atabaki. Mpaka lini? Mpaka likizo nyingine? Ameshaota meno, ameshanijua, ameniita mama, ndipo mje mmchukue? Nimezika mmoja, Shamsa. Sitoi mwingine."

 Issa alikuwa anageuza kichwa huku na huku juu ya mkeka, anatafuta.

"Sema," Dahabo akasema.

"Sitamdai."

"Sema vizuri."

"Sitakuja kumdai. Atakuwa wako. Jina usimbadilishe."

"Nitamwita Issa," akasema Dahabo, akamwinua.

Mwanzo alikuwa hana nguvu ya kuvuta. Dahabo akamkamulia mdomoni, matone yakamwingia puani akapiga chafya. Halafu akashika. Tulisikia anavyomeza. Mama alikaa akisikiliza, mikono yake miwili imelala mapajani, kisha akanigeukia akasema twende.

Baba alikasirika, ni haki yake. "Umetoa mtoto wangu bila kuniuliza?"

"Nenda ukamchukue," mama akamwambia. "Mlango si ule."

Baba akaenda. Alifika mlangoni kwa Dahabo, akasimama, akasikiliza. Alipogeuka alikuja mpaka katikati ya uwanja akasema kwa sauti, ili Bulle na wanaume wote wasikie, kwamba Issa ataendelea kuitwa kwa jina la baba yake na kabila lake litabaki lile lile. Hakuna aliyembishia. Akarudi kufunga turubai.

Alfajiri tukaondoka. Dahabo hakutoka nje, na mama hakuingia ndani. Ayeeyo alimkabidhi mama chombo cha nyirinyiri kilichofungwa ngozi juu, akasoma dua, akaniambia nikikua nitaelewa. Nimekua, nimezeeka. Kuna niliyoelewa na kuna ambayo sijayaelewa.

Nisiwaache mkihangaika. Issa aliishi. Alipona ndani ya wiki mbili tatu, akawa mtoto mnene. Akawa mchungaji, halafu mfanyabiashara wa mifugo, na kila akileta ngamia soko la Garissa alikuwa anakuja kwetu, anakaa, anakunywa chai. Alijua yote, hakuna aliyemficha. Mama yetu yeye Issa alimwita mama mkubwa, mpaka siku tulipomzika mama. Mama naye alikuwa anamkaribisha kama anavyomkaribisha mtoto wa mdogo wake, anamuuliza, "Mama yako hajambo?"

Lakini mimi ninapokumbuka likizo ile sikumbuki sana Hadado. Nakumbuka Modogashe.

Tulifika pale siku ya pili, mchana. Mama alikuwa amelala njia yote mbele kwa dereva, na homa ilikuwa imemwachia, jasho limemtoka likakauka. Hirsi akasimamisha lori mbele ya hoteli ya makuti. Baba akamletea mama chai ya maziwa, na maji, na chapati. Akanywa vyote. Akaagiza tena. Baba akafurahi, akasema, "Sasa unaonekana mtu." Ndani ya hoteli mwenye hoteli alikuwa na mtoto mchanga, na yule mtoto akaanza kulia.

Mama akaweka kikombe chini. Akaniambia nishike leso yake nimzibe, watu wasione. Nilifikiri anataka kutapika. Akafungua nguo, na mbele pote palikuwa pameloa, na maziwa yalikuwa yanatoka yenyewe, pande zote mbili, yanatiririka mpaka kwenye tumbo.

"Yamerudi," akasema.

Baba alisikia. Alisimama upande wa pili wa leso. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na lori la unga, limegeuza pua kuelekea Habaswein na Wajir, na vijana wake walikuwa wanamalizia kukaza kamba. Baba alilitazama, akamtazama Hirsi, akarudi.

"Shamsa. Lile linakwenda. Niseme nao? Wewe na msichana mpande, mimi niende kazini. Kesho uko naye."

 Mama alimwaga chai iliyobaki kwenye kikombe chake, akakiweka kifuani, akajikamulia humo. Upande mmoja, halafu wa pili. Kikombe kikajaa. Akanyoosha mkono nje ya leso akamwaga mchangani, akaanza tena.

"Shamsa, wanawasha gari."

"Nilimwambia Dahabo," akasema.

"Dahabo ni mdogo wako. Ataelewa."

"Nilimwambia."

Mtoto wa hotelini aliendelea kulia, kisha akanyamaza, bila shaka alipewa. Mama akafunga nguo, akachukua leso yake mikononi mwangu, akajitanda vizuri kifuani. Alikuwa ameligeuzia mgongo lile lori la unga. Tulisikia injini inanguruma, tukasikia magurudumu, halafu tukasikia mbuzi wetu tu.

"Limeenda?" akaniuliza.

Nikamwambia limeenda.

"Haya. Panda."